Ukoo wa Mashabiki wa Mother
Mwanzoni kabisa, kabla kimondo hakijaanguka jirani na nyumba, gemu inakuhoji kama karani wa sensa. Mtoto anaitwa nani? Rafiki zake? Mbwa je? Chakula akipendacho ni kipi? Nafasi ni ya herufi chache tu. Niliandika "pilau" ikaenea. Baadaye mtoto yule alipokuwa hoi kwa vipigo nikamrudisha kwao. Mama yake hakumgombeza wala kumhoji. Akamwambia pilau ipo, ale akalale.

Gemu hiyo ni EarthBound, ya pili katika mfululizo ambao Japani unaitwa Mother. Aliyeutunga, Shigesato Itoi, alikuwa na jina tayari kwa kuandika matangazo ya biashara. Ya kwanza ilitoka 1989, ya pili 1994, ya tatu 2006. Wenzake wa zama hizo walijaza gemu zao mapanga na mazimwi. Yeye akamvisha shujaa wake kofia ya besiboli na kumpa kirungu cha mchezo huohuo. Maadui ni mbwa koko, kunguru wakorofi na teksi zilizoingiwa na wazimu. Baba hatumwoni hata siku moja: ni sauti ya simu inayotunza rekodi ya safari yako, inayoingiza pesa benki, na ukikaa sana mbele ya skrini inakupigia kukusihi upumzike. Mtoto akikaa muda mrefu bila kumpigia mama, anaanza kuugua kwa kukumbuka nyumbani, na vitani anaduwaa tu asijue afanye nini.

EarthBound ilifika Marekani 1995 ndani ya boksi kubwa lenye kitabu cha mwongozo. Matangazo yake yalijigamba kwamba gemu hii inanuka, yakaambatana na karatasi za kukwangua na kunusa uvundo. Muuza samaki akitangaza mwenyewe kwamba wameoza, nani atafungua pochi? Haikuuzika.

Wachache walioinunua ndio waliokuja kuwa ukoo. Walikutana kwenye mtandao, hasa Starmen.net, na desturi yao ya kwanza ikawa kudai gemu nyingine za mfululizo zitolewe kwa Kiingereza. Walikusanya sahihi kwa maelfu, wakaandika barua, wakapiga simu. Mwaka 2007 waliikusanya michoro yao katika kitabu kinene cha rangi, wakaipelekea Nintendo, kampuni inayotoa gemu hizo, ione kwamba wateja wapo. Kampuni ikakaa kimya. Ukoo mwingine ungesusa; hawa waliendelea kuchora.

Desturi ya pili ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Mother 3 ilipobaki Japani, kikundi kikiongozwa na mfasiri Clyde Mandelin kiliketi kuitafsiri kwa Kiingereza bila ujira, kikamaliza Oktoba 2008. Hawakugawa gemu yenyewe. Waligawa kiraka tu, yaani faili linalobandikwa juu ya nakala unayoitafuta mwenyewe. Duka la Fangamer, lililozaliwa na watu wa jumuiya hiyohiyo, likachapisha kitabu cha mwongozo, nadhifu kama cha kampuni kubwa. Mwaka 2013 Mandelin alijitolea kuwapa Nintendo tafsiri yote bure waitumie wapendavyo. Hawakuichukua.

Kwa nini watu wahangaike hivi kwa ajili ya gemu? Hapa sina budi kuvunja mwiko wa kusimulia mwisho. Katika pambano la mwisho la EarthBound silaha zote zinashindwa, na binti mmoja katika kundi, Paula, anabaki na kusali. Kila sala inamfikia mtu mliyekutana naye njiani, naye anasitisha kazi zake na kuwaombea watoto. Kisha watu wanaisha. Paula anasali tena, na safari hii anayewaombea ni wewe uliyekaa sebuleni, kwa jina lako halisi, ambalo gemu ilikuwa imekuuliza zamani hata ukasahau. Mara ya kwanza nilitazama nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu ameingia chumbani. Nionavyo mimi, mashabiki wale hawakubuni desturi mpya. Waliitwa kwa majina wakasaidie, wakaitikia, na hawajaacha kuitikia.

Utani nao haukukosekana. Mwaka 2014 Nintendo wenyewe, katika kichekesho cha onyesho la gemu la E3, walimwigiza shabiki anayeidai Mother 3, na bosi wao wa Marekani, Reggie Fils-Aimé, akamteketeza kwa moto. Ukoo ulicheka. Anayetaniwa walau anajua kwamba ameonekana.

Na wajukuu wamezaliwa. Kijana Toby Fox alikulia katika jumuiya hii, akiichokonoa EarthBound na kutengeneza toleo lake la kutisha la Halloween. Mwaka 2015 alitoa Undertale, ambayo imechezwa na watu wengi wasiowahi kusikia jina la Itoi.

EarthBound yenyewe ilirudi madukani Marekani 2013 kwa njia ya mashine ya Wii U, na miaka miwili baadaye ile ya kwanza ikatolewa rasmi kwa Kiingereza, ikiwa na umri wa karibu miaka 26. Februari 2024 Mother 3 iliwekwa kwenye huduma ya Switch, Japani peke yake. Lile swali la "lini na sisi?" likaanza upya.