Mwanao anatengeneza fomu ya mtandaoni? Muulize haya matatu

KIJANA wako wa kidato cha tatu anakuonyesha fomu aliyoitengeneza ili wazazi wa mtaani wakumbushwe tarehe za chanjo. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mama, kisha kitufe cha ‘Tuma’.

Mpongeze. Lakini kazi kubwa haionekani kwenye kioo. Ipo kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea taarifa hizo, ambako programu fupi, mara nyingi ya lugha ya PHP, huamua zifanyiwe nini. Kabla majirani hawajaanza kuijaza, muulize maswali haya.

Kwanza, taarifa zinasafirije? Njia iitwayo GET huzibandika kwenye anwani ya ukurasa, hivyo jina la mtoto linaweza kubaki kwenye historia ya simu ya kuazima. Kwa taarifa kama hizi hutumika POST, ambayo haiziweki hapo. Lakini POST peke yake haizifichi njiani; anwani ianze na https.

Pili, seva inakagua? Wanaoanza huweka ukaguzi kwenye ukurasa tu, na huo unaweza kurukwa. Tazama tarehe 04/05/2025. Mama anamaanisha Mei 4, lakini PHP ikiachiwa kukisia tarehe yenye mkwaju huanza na mwezi kama Wamarekani, ikasoma Aprili 5. Dozi ya kwanza ya surua na rubela hutolewa mtoto akitimiza miezi 9. Mama huyo ataitwa kliniki karibu mwezi mzima kabla ya wakati. Siku, mwezi na mwaka viwe na visanduku vyake, na seva ikatae tarehe ambayo haijafika.

Tatu, zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni nyeti. Asiombe asichokihitaji, na mzazi aelezwe na akubali kwanza.

Akishindwa kujibu, usimzime. Aendelee kujifunza kwa majina ya kubuni kwenye kompyuta ya nyumbani. Majina ya watoto wa jirani yasubiri, na kwa tarehe za chanjo tegemea kadi ya kliniki.