Ghala la mafuta Chongoleani: Nani anakagua bahari, na anaangalia nini?

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Bomba lenyewe limezungumzwa sana. Pale linapoishia hapazungumzwi sana: rasi ya Chongoleani, jijini Tanga, penye matangi manne makubwa jirani na mikoko na maeneo ya uvuvi.

Kila tangi limesanifiwa kubeba mapipa 500,000. Pipa moja ni lita 159, kwa hiyo tangi moja tu ni karibu lita milioni 80. Kutoka kwenye matangi, mafuta yanapelekwa melini kupitia gati lenye urefu wa takriban kilomita mbili kuingia baharini.

Jiwe la msingi la mradi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017 na Marais John Magufuli na Yoweri Museveni. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likatoa cheti cha mazingira kwa upande wa Tanzania. Wapo wanaodhani suala la mazingira liliishia hapo. Halikuishia hapo. Baada ya cheti kuna kazi nyingine, ya miaka yote ambayo ghala litakuwa linafanya kazi: ukaguzi wa mazingira.

Ukaguzi huo unafanyikaje? Na mvuvi au mkazi wa kawaida ana nafasi gani?

Tathmini na ukaguzi, tofauti ni ipi?

Haya mawili huchanganywa sana.

Tathmini ya athari kwa mazingira hufanyika kabla ya ujenzi. Wataalamu wanakisia: tukijenga hapa, nini kitaharibika, na tutakizuiaje? Mwisho wake mwekezaji anaahidi mambo mengi kwa maandishi. Hatutamwaga maji machafu, tutapima maji ya visima, tutalinda mikoko, tutakuwa na vifaa vya dharura.

Ukaguzi unakuja baadaye na swali moja gumu: uliyoahidi, umeyafanya? Na hata kama umeyafanya, yamesaidia?

Tathmini inaweza kuwa na kurasa elfu moja, lakini ni makisio. Ukaguzi unadai ushahidi: vipimo vya maabara, daftari la matengenezo, risiti za kusafirisha taka, na mkaguzi mwenyewe kutembea eneo zima kwa miguu.

Nani anakagua?

Msingi wake nchini ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za tathmini na ukaguzi za mwaka 2005 ambazo zilifanyiwa marekebisho 2018.

Kwa ufupi kuna aina mbili. Kuna ukaguzi anaoufanya mwenye mradi mwenyewe, kisha anawasilisha ripoti kwa mamlaka. Na kuna ukaguzi wa udhibiti, ambapo mamlaka yenyewe inakwenda kuhakikisha.

Miradi mikubwa inayotegemea mikopo ina jicho la tatu. Benki nyingi za kimataifa hudai mradi ufuate viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), na zinaweza kuleta wakaguzi wao.

Hapa kuna tatizo ambalo halifichiki. Kwenye ukaguzi wa aina ya kwanza, anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Hiyo haina maana kwamba ripoti ni ya uongo. Ina maana kwamba lazima kuwe na namba ambazo mtu mwingine anaweza kwenda kuzipima tena na kuona kama zinalingana.

Kwanza: tangi na ukuta wake

Mkaguzi akifika, jambo la kwanza ni kuangalia kilichozunguka tangi. Matangi ya mafuta hujengewa ukuta wa kinga ili likipasuka, mafuta yabaki ndani. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba eneo hilo liweze kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote. Kwa tangi la mapipa 500,000, hiyo ni zaidi ya lita milioni 87.

Ukubwa peke yake hautoshi. Sakafu ina nyufa? Mabomba yanapopenya ukutani pamezibwa vizuri?

Halafu kuna koki. Mvua ikinyesha, maji hujaa ndani ya ukuta na lazima yatolewe. Mfanyakazi anafungua koki, anasubiri, kisha anafunga. Akisahau kuifunga, ule ukuta mzima hauna kazi tena. Mkaguzi makini haishii kwenye mchoro wa mhandisi. Anakwenda kushika koki na kuuliza: nani aliifungua mara ya mwisho, na imeandikwa wapi?

Kingine ni kipimo cha ujazo. Desemba 11, 2005, ghala la mafuta la Buncefield nchini Uingereza lililipuka baada ya petroli kufurika kutoka kwenye tangi. Kipimo cha ujazo kilikuwa kimekwama kwenye namba moja huku tangi likiendelea kujaa. Swichi ya akiba ambayo ingezima kila kitu nayo haikufanya kazi. Watu 43 walijeruhiwa. Baadaye ikaonekana kuwa mafuta na povu la kuzimia moto vilichafua maji ya chini ya ardhi.

Kwa hiyo kuwa na kengele mbili hakutoshi. Mkaguzi anataka kujua zilijaribiwa lini.

Pili: maji yanayotoka, na yaliyo chini

Maji ya mvua yanayopita kwenye eneo la pampu na mabomba hubeba mafuta kidogo kidogo. Kabla ya kwenda baharini yanatakiwa kupita kwenye mtambo wa kutenganisha mafuta na maji. Mkaguzi anachukua sampuli pale maji yanapotokea, na ni vizuri afanye hivyo wakati wa masika, kwa sababu mtambo unaofanya kazi vizuri wakati wa kiangazi unaweza kuzidiwa mvua kubwa ikija.

Kuna uvujaji usioonekana pia. Tundu dogo chini ya tangi linaweza kuvujisha kwa miaka bila mtu kuona kitu juu. Ndiyo maana huchimbwa visima vya uangalizi kuzunguka eneo: vingine upande ambao maji ya ardhini yanatokea, vingine upande yanakoelekea. Visima vya upande wa pili vikiwa na benzini na vya kwanza havina, jibu linajulikana.

Mkaguzi anatakiwa kupima pia visima ambavyo wananchi wanatumia.

Tatu: baharini

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu bahari haitulii. Kwenye bamvua, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Wakati wa kusi mkondo na mawimbi havifanani na wakati wa kaskazi. Mkaguzi aliyepima siku mbili za kaskazi akaondoka, amepima nusu ya hadithi. Vipimo vinatakiwa kugusa misimu yote.

Anapima nini? Tope la chini ya bahari, kwa sababu mafuta hujificha humo. Nyasi bahari, matumbawe, samaki, na mikoko. Mti kama mchu hupumua kupitia mizizi inayochomoza juu ya tope. Mafuta yakiipaka mizizi hiyo, mti unakosa hewa na unaweza kufa.

Meli nazo zina la kwao. Meli inayokuja kupakia mafuta hufika bila shehena, hivyo hubeba maji ya bahari kuipa uzito isiyumbe. Inapopakia, maji yale hutolewa. Yanaweza kuwa na viumbe wa bahari nyingine kabisa, ambao wakizoea hapa wanaweza kuwasumbua wa kwetu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti jambo hili ulianza kutumika Septemba 2017, na mkaguzi anapaswa kuuliza nani anahakiki kumbukumbu za kila meli.

Kuna suala moja la pekee kwa Chongoleani. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Ndiyo sababu bomba limesanifiwa kupashwa joto, kwa takriban nyuzi 50, ili yasigande njiani. Maji ya bahari ya Tanga hayafikii joto hilo, kwa hiyo mafuta haya yakimwagika yatapoa na kuanza kuganda. Vifaa vya kusafisha vilivyotengenezwa kunyonya mafuta mepesi huenda visifae. Mkaguzi anatakiwa kuona zoezi la dharura likifanyika kwa kuzingatia mafuta ya aina hii. Kuhesabu vifaa stoo peke yake si ukaguzi.

Somo kutoka Panama

Aprili 1986, tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka huko Bahía Las Minas, pwani ya Karibea nchini Panama. Mamilioni ya lita za mafuta ghafi yaliingia kwenye mikoko, nyasi bahari na matumbawe, mazingira yanayofanana sana na ya Tanga.

Kilichofanya ajali hiyo ikumbukwe na wanasayansi ni kwamba taasisi ya utafiti ya Smithsonian ilikuwa na kituo hapo hapo, Punta Galeta. Watafiti walikuwa wameipima pwani ile kwa miaka mingi kabla. Walijua kulikuwa na nini, wapi, na kiasi gani.

Kwa hiyo waliweza kusema kwa namba. Kwenye mwamba mmoja ulioathirika sana, matumbawe hai katika maji ya kina kifupi yalipungua kwa asilimia 76. Na miaka mitano baadaye, mafuta yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye tope la mikoko na kuichafua pwani upya.

Bila vipimo vile vya awali, ingebaki kubishana tu. Mvuvi angesema samaki wamepungua. Kampuni ingesema walikuwa wachache tangu zamani. Hakuna ambaye angeweza kuthibitisha.

Hili ndilo jambo la msingi kuhusu ukaguzi wa Chongoleani. Ubora wake unategemea sana vipimo vilivyochukuliwa kabla tone la kwanza la mafuta halijafika. Mkaguzi wa miaka kumi ijayo hawezi kurudi nyuma kupima bahari ya zamani. Atatumia namba alizoachiwa, na kama ziko kabatini kwa mtu mmoja, anaweza asizipate kabisa.

Wavuvi nao ni vipimo

Tanga ina ushahidi wake wa jinsi taarifa za wavuvi zinavyoweza kubadili mambo. Wavuvi wa hapa walianza kunasa kwenye majarife yao samaki wa ajabu, silikanti, ambaye hadi mwaka 1938 wanasayansi waliamini alitoweka zama za dinosaria. Samaki wale ndio waliofanya ianzishwe Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Hifadhi hiyo inatanda kutoka kaskazini mwa mto Pangani hadi eneo la jiji la Tanga.

Maana yake, watu walio baharini kila siku huona kitu kabla ya maabara. Nani alivua nini, wapi, kwa mtego gani, na kilo ngapi: hizo zote ni takwimu zikiandikwa vizuri. Daftari la BMU, yaani kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari, lenye tarehe na uzito wa samaki kwa miaka mfululizo lina nguvu mbele ya mkaguzi. Maneno matupu kwenye mkutano hayana nguvu hiyo.

Vivyo hivyo kwa malalamiko. Ukiona mafuta ufukweni, piga picha, andika siku, saa na mahali, kisha ripoti serikali ya mtaa na omba nakala ya maandishi. Lalamiko lisilo kwenye daftari, kwa mkaguzi ni kama halikutokea.

Maswali matano ya kuuliza mkutanoni

Wakaguzi wanatakiwa kusikiliza jamii. Wakiitisha mkutano mtaani, uliza hivi:

1. Vipimo vya awali vya maji, tope, mikoko na samaki vilichukuliwa lini, na tunaweza kuviona wapi?

2. Visima vyetu vimepimwa? Majibu yake yako wapi?

3. Zoezi la mwisho la dharura baharini lilifanyika lini, na wavuvi walishirikishwa?

4. Ukaguzi uliopita ulikuta kasoro gani, na ni zipi hazijarekebishwa hadi leo?

5. Muhtasari wa ripoti hii utabandikwa wapi, kwa Kiswahili, na kwa tarehe gani?

Usitosheke na "tutalifanyia kazi". Omba majibu ya maandishi, na mwenyekiti wa mtaa ayaweke ofisini ili mkaguzi wa mwaka unaofuata ayakute.