Ardhi Chini ya Mjusi: Utangulizi wa Elimu ya Matandazo

Anayefuga mjusi-chui kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili: ale nini, na ndani ya kasha lake la kioo atandaziwe nini. La kwanza halina ugumu. Mjusi-chui hula wadudu hai, na nyenje, panzi na mende wa kufugwa humtosha, mradi wapakwe unga wa kalsiamu kabla hajapewa. La pili limewagombanisha wafugaji kwa miaka mingi, na ndilo lililozaa maarifa ninayomkaribisha msomaji hapa. Maarifa haya hayana idara yake chuo kikuu. Yameokotwa kwa wataalamu wa reptilia, kwa madaktari wa mifugo, kwa wapima udongo na kwa wafugaji wenyewe, kwa hiyo hakuna anayedaiwa cheti mlangoni. Mwanafunzi wa sekondari anayeweza kutofautisha kichanga na mfinyanzi kwa vidole vyake ameshalianza somo.

Nimechagua kuanzia Manyoni, mkoani Singida, ingawa mjusi-chui si mzaliwa wa huko wala wa popote Afrika. Sababu ni ardhi. Toka kwenye bonde la Bahi, panda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni mjini, kisha shika njia ya magharibi mpaka Itigi: kwa safari ya siku moja utakuwa umepita juu ya sakafu nyingi zisizofanana. Bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mahali pengine chumvi huganda juu yake. Ukingoni kuna miamba ya matale. Juu kuna udongo mwekundu wenye kichanga, na chini yake, sehemu nyingine, tabaka gumu ambalo wanajiolojia waliliita Saruji ya Kilimatinde. Itigi kuna jasi, na kuna kile kichaka ambacho wataalamu wa mimea duniani wanakijua kwa jina la mji huo: msitu mfupi wa mita 3 hadi 5, uliosongamana hata mtu hapenyi. Mfano wake mwingine uko mbali, kaskazini mwa Zambia, kati ya ziwa Mweru Wantipa na Tanganyika. Vichuguu sivitaji, viko kila mahali.

Reptilia wa nchi kavu kama hii wamejigawia sakafu hizo. Mijusi wenye vichwa vyekundu hushinda juu ya mawe na kujificha kwenye nyufa zake. Kobe bapa wa Tanzania ya kati na Kenya, aliyepewa jina la kisayansi na Siebenrock mwaka 1903, ana gamba jembamba linalomruhusu kujibana kwenye ufa wa mwamba, mahali ambapo kobe mwingine angekwama. Kenge jike hufukua kichuguu na kutaga humo, na mchwa wenyewe humzibia tundu. Mbali kidogo, katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, yuko mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, ambaye maisha yake yote ni kwenye majani ya mikadi; kwake yeye sakafu ni jani. Hao wote ni mijusi na kobe wa nchi moja, na huwezi kuwabadilishia makao. Ukishaliona hilo, swali la duka la wanyama, yaani mchanga gani ni mzuri kwa mjusi, linaanza kuonekana halijakamilika. Mjusi yupi?

Mjusi-chui alielezwa kisayansi mwaka 1854 na Edward Blyth, aliyekuwa mtunza makumbusho ya Asiatic Society mjini Kolkata. Kwao ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, kwenye nyanda kavu na vilima vyenye mawe, nyasi chache na udongo mgumu wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga na changarawe. Matuta ya mchanga mtupu si makao yake. Mwili wake wenyewe unasema hivyo. Hana vile vibandiko vya vidoleni vinavyomwezesha mjusi kafiri wa nyumbani kutembea darini. Ana kucha, na kucha hutaka kitu kigumu cha kushika. Ana kope zinazofunga na kufungua, jambo ambalo mjusi kafiri hana. Huingia mapangoni mchana na kutoka jua likizama. Mkia wake mnene ni ghala la mafuta kwa siku za njaa. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo anayekosea sakafu anakosea kwa muda mrefu.

Ana ndugu Afrika Mashariki. Holodactylus africanus, aliyeelezwa na Boettger mwaka 1893, ni wa ukoo huo huo wa mijusi wenye kope, na anapatikana Ethiopia, Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ni mdogo, ana vidole vifupi, na huyu kweli ni mchimbaji wa ardhi ya kichanga. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja wa udongo mgumu na mwingine wa mchanga: hata ukoo hautoshi kukuambia utandaze nini.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe. Biashara ya wanyama wa kufugwa huko Ulaya na Marekani iliuza kwa miaka mingi picha ya mjusi-chui kama mnyama wa jangwani, na pamoja na picha iliuza mchanga. Mijusi wakaanza kufikishwa kwa madaktari matumbo yamejaa mchanga, hawali, hawanyi, wengine wamekwisha. Wafugaji wakaapa: mchanga unaua. Tangu hapo kambi moja haitaki chochote kilicho chembechembe, na nyingine inasema mnyama wa ardhini hawezi kulelewa maisha yake yote juu ya karatasi.

Nionavyo mimi, kambi ya kwanza ilimkamata mshiriki wa kosa ikamwacha kiongozi wake. Mjusi hula chembe za udongo kwa njia mbili. Ya kwanza ni bahati mbaya: anamrukia nyenje, anafumba mdomo pamoja na mchanga. Kiasi hicho ni kidogo, na tumbo lenye afya hukitoa. Ya pili ni kusudi. Mjusi aliyepungukiwa kalsiamu, au asiyepata vitamini D3 ya kumwezesha kuitumia, hulamba na kumeza ardhi akitafuta madini, jinsi baadhi ya wajawazito kwetu wanavyotafuna udongo wa sokoni. Huyo hali chembe mbili tatu, anashiba. Mwongezee baridi. Utumbo wa reptilia huenda kwa joto la nje. Sakafu ikipoa, msukumo wa tumbo hupungua na chakula hukaa. Mwongezee kiu, au minyoo. Hapo mchanga unaganda tumboni na mfugaji anaona mchanga tu, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye picha ya eksirei.

Hii haimaanishi mchanga mtupu unafaa. Haumpi mguu mahali pa kushika, hauhimili pango, unatimka vumbi machoni, na haufanani na alikotoka. Mbaya zaidi ni ule mchanga wa chokaa unaouzwa kwa madai kwamba mnyama akiumeza anapata kalsiamu. Madai hayo yanamwalika mjusi mwenye upungufu ale sakafu yake. Chokaa nyingi hupunguza makali ya asidi ya tumbo, na mchanga wenyewe hushikamana ukilowa. Mtu wa Manyoni asije akafikiri kwamba jasi ya Itigi au udongo mweupe wa chokaa aliouona kandokando ya mabwawa ya msimu ni zawadi kwa mjusi. Kalsiamu ikae kwenye unga na kwenye wadudu. Isiwe sakafu.

Joto linastahili nafasi zaidi kuliko linavyopewa. Mjusi-chui hapendi kuota jua kama mijusi wa mwambani. Yeye hulaza tumbo juu ya jiwe lililobeba joto la mchana, na joto hilo la tumboni ndilo linalomsagia chakula. Upande mmoja wa kasha sakafu ifike nyuzi 32 hadi 34, upande wa pili ibaki 24 hadi 26, ili achague mwenyewe. Anayedhani Tanzania ina joto la kutosha alale Manyoni usiku wa Julai. Hapo ndipo aina ya matandazo inapojulikana thamani: jiwe bapa au kigae kinene huendelea kutoa joto kwa muda hata umeme ukikatika, karatasi haiwezi, na maranda ya mbao huzuia joto lisimfikie kabisa.

Kwa mwanzo, basi, namshauri mgeni wa elimu hii atumie vigae. Vipande vinavyobaki kwa fundi vinatosha, upande wenye mkwaruzo ukiwa juu, maana kigae kinachong'aa humtelezesha. Mjusi mchanga, mgonjwa, au aliyeletwa jana akae juu ya tishu za karatasi au gazeti mpaka kinyesi chake kichunguzwe. Karatasi inachosha macho, nakubali, lakini humwonyesha mfugaji kila kitu. Maranda, pumba za mpunga na maganda ya karanga tuwaachie kuku: humezwa kirahisi, hushika ukungu, na mbao zenye harufu kali kama za msonobari hutoa mvuke unaoudhi mapafu. Kapeti hunasa kucha na meno na kutunza uchafu.

Baadaye, mfugaji akishajua joto lake na mjusi wake anakula vizuri, anaweza kumpa ardhi ya kweli. Mchanganyiko unaokubalika sana ni sehemu saba za udongo wa juu usio na mbolea na tatu za mchanga uliooshwa, kina cha sentimita 8 hadi 10, uliolowanishwa, ukashindiliwa, ukaachwa ukauke mpaka kidole kisizame. Manyoni mtu anaweza kuongeza udongo wa kichuguu, ambao una mfinyanzi mwingi na hushika kama zege. Fundi aliyewahi kukandika tembe la Kigogo anaijua kazi hii kuliko waandishi wengi wa vitabu vya mijusi. Udongo wa mbuga usiguswe: utapasuka wote na kumfukia mnyama kwenye nyufa au kumnatia miguuni.

Kujua kilichomo ndani ya udongo wako ni rahisi. Jaza chupa nusu, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa kwa nguvu, iache usiku kucha. Mchanga hutangulia kutua chini, hufuata tope laini, mfinyanzi hubaki juu na huchelewa. Kila tabaka unalipima kwa rula. Kitu ambacho chupa haikionyeshi ni sumu. Usichote udongo karibu na josho la ng'ombe, kwa kuwa dawa za kupe hukaa ardhini na zinaweza kumwua mjusi na wadudu anaowala, wala shamba lililopuliziwa dawa, wala kando ya barabara au karakana. Ukishaupata, uanike juani kwenye bati siku kadhaa au uukaange sufuriani, upoe, ndipo uutumie.

Hata sakafu kavu inahitaji kona moja yenye unyevu, kijipango chenye udongo mbichi au tishu iliyoloweshwa. Mjusi akijivua ngozi mahali pakavu mno, mabaki hukaza vidole, damu haifiki, na vidole hukatika. Choo chake ni chepesi kukisafisha, kwani kwa kawaida huchagua pembe moja. Nawa mikono kila unapomshika, maana reptilia hubeba salmonela, na watoto wadogo wasimshike kabisa.

Neno la sheria. Mjusi-chui wa kufugwa huzaliwa mikononi mwa watu, na nje ya Afrika ana masoko yake. Anayetaka kumwingiza nchini afuate taratibu za mifugo na wanyamapori. Mjusi wa porini wa Tanzania ni habari nyingine: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 huwezi kumkamata ukamfanya wako bila kibali. Mjusi wa Kimboza na kobe bapa waliingizwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, wa kwanza kwa uamuzi wa 2016, wa pili 2019, kwa sababu makasha ya vioo ya nchi za mbali yaliwameza.

Kuna kazi ambayo haihitaji kumkamata yeyote, na Manyoni ni mahali pake. Arthur Loveridge, aliyefanya kazi Tanganyika kabla ya kuhamia Harvard mwaka 1924, alitoa mwaka 1957 orodha ya reptilia na amfibia wa Afrika Mashariki ambayo bado inatumika. Orodha hutuambia nani yuko wapi. Joto la ardhi anayoilalia halimo. Mwanafunzi mwenye kipimajoto cha kuchomeka anaweza kupima jiwe la matale, udongo mwekundu, kichanga cha korongo na ukuta wa kichuguu, saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku na saa nne, Januari na tena Julai, akiandika na unyevu wa kila mahali. Hesabu hizo zitamsaidia mtu anayetengeneza kasha la kioo Berlin kama zitakavyomsaidia anayetaka kujua kwa nini mjusi fulani yuko Manyoni na hayuko Itigi.