Bustani ya Nchi Kame na Afya ya Macho

Mjini Dodoma mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Katika miezi inayobaki, mchicha unaotaka kumwagiliwa kila siku ni anasa kwa kaya inayonunua maji kwa ndoo. Mboga za majani zikikosekana mezani, jambo hilo linamhusu pia daktari wa macho.

Mwili huunda vitamini A kutokana na karotini iliyomo katika majani ya kijani kibichi. Upungufu wake huanza kwa mtoto kujikwaa jioni kwa kutoona vyema. Ukiendelea, konea hukauka, hupata vidonda, na huweza hata kutoboka.

Kunde, mgagani na mlonge huvumilia ukame na majani yake yana karotini nyingi. Kitalu kichimbwe kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasitiririke, kitiwe samadi na kufunikwa kwa nyasi kavu. Maji yaliyosuuzia mboga yamwagwe shinani wakati wa jioni. Majani ya akiba yaanikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu karotini, na yapikwe kwa karanga au mafuta kidogo, maana bila mafuta utumbo hufyonza karotini kwa shida. (Wapishi wa mboga za karanga walilijua hili kabla yetu.) Kwa mlonge, tumia majani, mizizi na magome yana sumu, na mjamzito ayaepuke kabisa.

Hata hivyo, mboga ni kinga. Mtoto asiyeona jioni, au mwenye madoa meupe jichoni, apelekwe kituoni siku hiyohiyo apewe vitamini A ya matone, asisubiri mavuno.

Neno moja kuhusu uzio. Mnyaa hustahimili ukame kuliko mimea mingi, lakini utomvu wake mweupe huunguza macho vikali. Anayeupogoa avae miwani, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa uso, na watoto wakae mbali. Utomvu ukiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa aende hospitali hata kama maumivu yamepungua, kwani huweza kuzidi saa chache baadaye. Maziwa na dawa za miti shamba visitiwe jichoni.