Gari inayovuta remorke: tupime muzigo kwanza, kisha tuchague resori



Wakati wa mavuno, magari yetu mengi yanavuta remorke zenye mifuko ya mahindi, viazi ao kahawa. Gari ikiinama nyuma, mara moja tunasema: «Tuongeze resori.» Lakini mbele ya kutosha makuta ya koperative, tuelewe kwanza sababu gani inainama.

Gari inainama juu ya nini?

Pua ya remorke inakandamiza kroshe. Na kroshe iko nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo inashusha nyuma na kunyanyua mbele. Tuseme kroshe iko metre 1,20 nyuma ya magurudumu ya nyuma, na kati ya magurudumu ya nyuma na ya mbele kuko metre 3. Kilo 100 juu ya kroshe zinaongeza kilo 140 kwa magurudumu ya nyuma, na zinapunguza kilo 40 kwa ya mbele. Mbele ikiwa nyepesi, usukani na freni havishike vizuri. Kwa muteremko wenye matope, hiyo inaweza kuua watu.

Tupime namna gani?

Baskili ya kupimia mavuno inatosha. Tuweke remorke yenye muzigo mahali sawa, tufunge magurudumu yake kwa mawe, kisha tuweke pua juu ya baskili, kwa urefu ule ule wa kroshe. Kama remorke na muzigo ni kilo 1.000, pua iwe kati ya kilo 50 na 100, bila kupita kipimo cha kroshe. Ikipita, tusogeze mifuko nyuma kidogo. Ikipungua, tuisogeze mbele, maana remorke itayumba njiani.

Na kama gari ingali inainama?

- *Kuongeza bamba kwa resori:* ni nguvu, na mekanisiye wa kwetu anaijua. Lakini gari ikiwa bure inaruka-ruka na kuteleza. Inafaa gari inayobeba kila siku.
- *Resori ya kusaidia:* inafanya kazi tu wakati muzigo uko. Inafaa gari ambayo siku moja inabeba, siku ingine haibebe.
- *Mifuko ya hewa:* tunaongeza ao kupunguza hewa kufuatana na muzigo. Lakini jiwe linaweza kuitoboa, na vipuri ni vigumu kupata mbali na muji.

Amortisera mupya inatuliza gari yenye kuruka, haibebe muzigo.

Tusisahau

Resori ya nguvu haiongeze uzito ambao gari inaruhusiwa kuvuta. Shasi, freni na kroshe ni vile vile. Tusome kitabu cha gari na kibati cha remorke. Muzigo ukipita, tufanye safari mbili. Mafuta ya safari ya pili tutayalipa. Shofere akikufa, hatuna namna ya kumulipa.