"Kichocheo" na Kilima cha Nishati: Tatizo la Istilahi katika Kemia Kokotozi

Miongoni mwa istilahi za sayansi zilizokwisha kuzoeleka katika Kiswahili, "kichocheo" laonekana kuwa na bahati kubwa. Ni fupi, na mzizi wake wajulikana na kila mpishi: kuchochea moto ni kusukuma kuni ndani ili ndimi zipande. (Ndugu yake, "mchochezi", hushtakiwa mahakamani.) Hata hivyo, mtafiti wa uzamivu katika kemia kokotozi ana haki ya kulitilia shaka.

Dhana yenyewe ilipewa jina na Berzelius wa Uswidi mwaka 1835: dutu huharakisha mmenyuko, lakini yenyewe haitumiki ikaisha. Mfano maarufu ni chuma kinachowezesha naitrojeni na haidrojeni kuungana kuwa amonia. Mittasch na wenzake wa BASF, Ujerumani, walifanya majaribio kwa maelfu kabla ya kiwanda cha Oppau kuanza kazi mwaka 1913. Chuma hicho hakiongezi nishati yoyote. Chafungua njia nyingine, yenye kilima kifupi zaidi. Kuni huliwa na moto. Mtetezi aweza kudai kwamba kichocheo ni kijiti cha kuchochelea, wala si kuni zenyewe, na hoja hiyo ina uzito. Lakini msomaji wa kawaida bado atadhani kuwa kuna nguvu inayotiwa kutoka nje.

Kemia kokotozi hukipima kilima hicho kwa hesabu. Msingi wake mmojawapo ni nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyowekwa na Hohenberg na Kohn mwaka 1964, kisha Kohn na Sham mwaka 1965. Kohn alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Hesabu hizo hazisamehe. Katika joto la kawaida la chumba, kosa la kilojuli 6 hivi kwa moli katika kimo cha kilima hubadili kasi iliyokadiriwa kwa takriban mara 10. Si ajabu mtafiti akamaliza miaka yake juu ya kilima kimoja.

"Kimeng'enya" nalo lina kasoro yake. Vimeng'enya ni vichocheo, lakini kitenzi "meng'enya" chataja kuvunjavunja tu, ilhali vingine kazi yake ni kujenga.

Mtafiti mwenyewe naye hakupewa jina la haki. Uholanzi na Norwe, kwa kawaida huajiriwa na chuo kwa mkataba, akalipwa mshahara. Kiswahili chamwita "mwanafunzi", na mshahara wake "ufadhili", neno lenye fadhila ndani yake. Kwa karo iliyolipwa na mhisani, neno hilo latosha. Kwa ujira wa kazi, lamficha mwajiri, na Mkenya asomaye tangazo la nafasi hizo kwa tafsiri hiyo hatajua kuwa ana likizo na haki za mfanyakazi za kudai. "Mtafiti mwajiriwa" lingemfaa zaidi. "Kichocheo" na libaki, mradi kamusi iseme wazi kwamba hakitii nishati.