Baruti na moto havikai nyumba moja

Yako mambo mawili ambayo kila serikali iliyotawala Kusini, tangu ya Mjerumani hadi ya leo, imepata kuyatolea amri, nayo yamebaki pale pale: nguruwe mwitu katika shamba la mkulima, na gobore chini ya kitanda chake. Nguruwe hajui amri. Na mkulima, maadamu nguruwe hajui amri, haoni sababu ya kulitoa gobore lake.

Mandawa, katika nchi ya Ruangwa inayopakana na Nachingwea, ni mahali pa kuyatazama mambo haya kwa karibu. Huko watu hulima ufuta, korosho, mbaazi, mahindi na muhogo. Mtu huinama shambani tangu mvua za kwanza, hupalilia, huamia ndege, kisha mazao yanapokaribia kukomaa hupanda dunguni na kukesha. Usingizi wa saa mbili wamtosha nguruwe na jamaa zake kuifukua jasho la miezi mitano. Katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale wakulima wana mgeni mwingine mzito zaidi, naye ni tembo, ambaye hafukuzwi kwa debe wala kwa kelele za watoto.

Hatukusudii kumtetea avunjaye sheria. Tunalotaka kusema ni hili: hatari kubwa inayoikabili nyumba ya mkulima huyu si gobore lenyewe, bali baruti inayotiwa na kuhifadhiwa kwa siri, bila mizani, bila mafunzo, karibu na meko na karibu na watoto. Na siri hiyo haiwezi kuondolewa kwa msako peke yake.

GOBORE LILIFIKAJE?

Msomaji wa Visiwani huenda akauliza gobore la Mandawa lamhusu nini. Lamhusu, kwa sababu njia lililopitia ilifunguliwa kwa jina la utawala wake wa zamani. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat, Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, iliyowakilishwa na Edmund Roberts. Mkataba ule uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza bidhaa zao, isipokuwa jambo moja: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa Serikali tu. Lakini katika bandari nyingine zote za Sultani, vitu hivyo hivyo viliruhusiwa kuuzwa bila kizuizi.

Maana yake ni dhahiri. Mtawala alijua hatari ya baruti, akaukinga mlango wa nyumba yake, akaiacha wazi milango ya pwani. Kilwa Kivinje ilikuwa mojawapo ya milango hiyo. Misafara iliyoshuka na pembe na watumwa ilipanda na vitambaa, shanga, bunduki na mapipa ya baruti, ikapita katika nchi za Wangindo, Wamwera na Wayao.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kuwekeana mkataba wa kuzuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za kisasa zilipigwa marufuku; bunduki ya gumegume na baruti ya kawaida zikaachiwa nafasi kwa masharti. Kwa hiyo wakati dunia ilipokuwa ikielekea kwenye bunduki za marisasi ya maganda, Mwafrika aliachiwa ile ya kushindilia kwa mdeki. Vita vya Maji Maji vilipozuka katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905, wengi walikwenda vitani na mikuki na magobore hayo, wakakabiliana na bunduki za mtombo. Baada ya vita ilikuja njaa, na silaha zikakusanywa. Watu walipopungua, pori na wanyama wake wakasogea hadi kwenye mashamba.

Yafaa basi tukumbuke kwamba gobore halikuletwa na ushamba wala halikuzaliwa na ujangili. Liliingizwa na biashara, likabakizwa na sheria za wakubwa, likahitajiwa na shamba.

KILA MLIO NI KAZI YA MKONO

Mwenye bunduki ya kisasa hununua risasi iliyokamilika: ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi, vyote vimefungwa pamoja kiwandani. Mwenye gobore hana bahati hiyo. Kila anapotaka kupiga huwa yeye mwenyewe ndiye kiwanda. Humimina baruti mtutuni, hushindilia kitambaa au nyuzi, hutia marisau au vipande vya chuma, hushindilia tena kwa mdeki, kisha huweka fataki. Vipimo vyake ni kiganja na mazoea.

Hapo ndipo ajali inapokaa ikingoja. Baruti ikizidi, mtutu uliofuliwa kutokana na bomba la maji hupasuka usoni mwa aliyeushika. Mtu akisahau kwamba ameshatia, akatia tena, matokeo ni yale yale. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, iliyotolewa katika risasi ya bunduki nyingine, ikitiwa katika gobore lililozoea baruti nyeusi, huleta msukumo ambao chuma kile hakikuumbwa kuuhimili. Tena baruti nyeusi haihitaji kiberiti. Cheche moja ya jiko yatosha.

Sasa fikirini mahali inapohifadhiwa. Baruti huharibiwa na unyevu, na mahali pakavu kuliko pote katika nyumba ya kijijini ni darini juu ya meko. Na kwa kuwa mwenyewe anaogopa kuonekana, hawezi kumwonya jirani, wala hawezi kumwuliza afisa namna ya kuitunza. Mtoto akiikuta, huikuta kama unga mweusi usio na jina.

WENZETU WANAOTIA RISASI NYUMBANI

Huenda likamshangaza msomaji kusikia kwamba katika nchi kadhaa kuna raia wanaojitilia risasi majumbani mwao kwa idhini kamili. Hao ni wapiga shabaha wa mashindano. Mchezo wa bastola umekuwamo katika Olimpiki tangu ile ya Athens mwaka 1896, na mwaka 1976, huko Columbia katika jimbo la Missouri, Marekani, liliundwa shirikisho la kimataifa la mchezo mwingine wa bastola, ambamo mshindani hupiga huku akitembea kutoka kituo hadi kituo. Mchezo huu wa pili hula risasi nyingi mno. Kwa hiyo wengi huokota maganda yao, huyasafisha, huyanyoosha kwa mashine ndogo ya mkono, hutia fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Hufanya hivyo ili kupunguza gharama, na ili kila risasi iwe sawa na mwenzake.

Kazi yao na ya mkulima wa Mandawa ni ya ukoo mmoja. Tofauti imo katika utaratibu. Yule wa mashindano hupima baruti kwa mizani isomayo sehemu ndogo sana ya gramu. Huweka mezani aina moja tu ya baruti kwa wakati mmoja. Hakai karibu na moto, wala havuti sigara. Hukagua kila ganda kabla ya kulifunga, asije akatia mara mbili. Baruti yake hukaa katika chombo chake cha asili chenye jina lake, mbali na chumba cha kulala. Uingereza, ambako bastola nyingi zilipigwa marufuku mwaka 1997 baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane, atakaye kununua na kuweka baruti nyeusi lazima awe na cheti cha polisi. Hata huko, basi, hakuna aliyeachiwa kufanya apendavyo. Usalama wake umetokana na kufanya kazi mahali panapoonekana.

Kwetu sheria ni kali na ni wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali, na haimruhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi kwa hiari yake. Hatuombi sheria hiyo ilegezwe, wala hatupendekezi nyumba za Ruangwa zigeuzwe karakana za risasi. Tunachosema ni kwamba sheria nzuri ambayo mkulima huikimbia badala ya kuikimbilia, haijamaliza kazi yake.

SERIKALI INA HOJA

Maafisa nao wana haki ya kusikilizwa. Pori la Selous, lililowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, liko jirani na wilaya hizi. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa eneo lile walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta wapatao 13,000. Ujangili ulikuwa umewateketeza kwa mawimbi mawili, licha ya Operesheni Uhai ya mwaka 1989. Afisa aliyeyaona hayo hawezi kulitazama gobore kwa jicho la huruma, maana lililomfukuza nguruwe jana laweza kukodishwa kwa jangili kesho.

Ndiyo sababu Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, ambapo mwenye silaha isiyo halali huisalimisha bila kushitakiwa. Jambo hilo ni jema. Lakini twauliza: mkulima akishalisalimisha gobore lake, akarudi Mandawa mikono mitupu, usiku ule nguruwe naye husalimu amri? Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao au kupoteza jamaa kwa wanyama hatari. Kifuta jasho, kama jina lake lilivyo, hufuta, hakijazi ghala. Na asiyelindwa hujilinda.

YAFAA NINI KIFANYIKE

Kwanza, silaha ya kulinda mazao isiwe siri ya mtu bali dhamana ya kijiji. Bunduki chache, halali, zilizosajiliwa na kutiwa alama, zikikaa katika ofisi ya kijiji chini ya kufuli mbili, mikononi mwa askari wanyamapori wa kijiji waliofunzwa, zitafanya kazi ambayo magobore mengi ya mafichoni hayaifanyi. Zitatoka kwa kuandikwa na kurudi kwa kuandikwa, pamoja na hesabu ya kila risasi.

Pili, mafundi wanaojua kufua mitutu na kutengeneza baruti wasitafutwe kwa pingu peke yake. Watu hao wana mikono yenye akili. Apewe nafasi fundi ya kusalimisha vifaa vyake na kuingia katika karakana ya majembe, baiskeli na mashine za kukamua ufuta, uone kama atatamani tena kukesha na moto na baruti.

Tatu, kipindi cha msamaha kiambatane na elimu ya baruti. Polisi wakifika kijijini wasiseme tu, “Leteni silaha.” Waseme pia kwamba baruti haikaushwi juani karibu na watu, haitunzwi darini, haichezewi, na kwamba atakayeileta hataulizwa aliipata wapi. Gobore bila baruti ni bomba tu. Baruti bila gobore bado ni msiba.

Nne, njia zisizo na mlio zipewe fedha na maafisa. Mizinga ya nyuki na uzio wa kamba zilizopakwa pilipili vimesaidia kumzuia tembo mahali pengi Afrika, nayo mizinga humpa mkulima asali juu yake.

Tano, na hili lawahusu Bara na Visiwani sawia: kama tunawapenda walenga shabaha, tuwape mchezo usiohitaji baruti kabisa. Bastola ya upepo ya mashindano ya mita 10 husukuma kidonge cha milimita 4.5 kwa hewa iliyoshindiliwa. Haizidi kilo moja na nusu, hushikwa kwa mkono mmoja, na duara la alama kumi analolilenga mshindani lina upana wa milimita 11.5, sawa na kitufe cha shati. Mshindani hupewa dakika 75 kwa mipigo 60. Huko Paris mwaka 2024, Manu Bhaker, binti wa India, alipata medali mbili za shaba kwa bastola ya namna hiyo. Medali zetu mbili za Olimpiki, za Moscow mwaka 1980, zilitokana na mbio za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Hakuna amri isemayo kwamba jicho la Mtanzania halina thamani kama miguu yake. Vikosi vyetu vya ulinzi vingeweza kuuanzisha mchezo huu chini ya usimamizi wao, Unguja, Pemba na Lindi.

Seyyid Said aliulinda mlango mmoja na kuiacha milango mingine wazi, na sisi twailipa gharama ya uamuzi ule hata leo. Tusirudie kosa hilo kwa kuyalinda mapori na kuyasahau mashamba yanayopakana nayo. Mkulima wa Mandawa akiwa na hakika kwamba usiku yupo anayemlinda, mwenyewe atakuwa wa kwanza kuitoa baruti nyumbani mwake. Wenye mamlaka na waanze kwa kumpa hakika hiyo.